Kinu Ndani ya Kaseti

Kambini, 9 Januari

Shemeji Waya,

Salamu kwako na kwa dada. Mimi mzima, ni vumbi tu linalonila. Ukinipiga begani natoa moshi kama godoro la zamani.

Kaseti utaletewa na dereva wa lori, yule mwenye pengo la mbele. Mkaribishe chai, maana ndiye posta yetu. Upande wa kwanza ni taya la kinu likivunja mawe makubwa. Upande wa pili ni ule mpira mrefu unaobeba kokoto, na mwishoni kabisa utasikia kitu kama mtu anakoroma. Huyo si mtu, ni mota ya pampu ikikataa kuwaka asubuhi. Msimamizi aliitukana tusi refu mno. Nimekuachia humo humo, ulitumie utakavyo.

Unauliza siku hizi nafanya kazi gani hasa. Nasimama juu ya jukwaa la chuma, mdomoni mwa kinu, na nondo mkononi. Jiwe likikwama kati ya meno, nalisukuma. Basi. Kengele ya asubuhi mpaka kengele ya jioni ni mimi, nondo na jiwe, mwaka wa tatu sasa. Wenzangu wanashangaa kwa nini kila mapumziko natoa redio kaseti na kutembea nayo badala ya kulala chini ya lori kama watu wenye akili. Nimewaambia nina shemeji mgonjwa na dawa yake ni kelele. Wamekuonea huruma sana, mmoja ameahidi kukuombea.

Lakini wewe unajua. Tangu siku ile mvua ilipotufungia kwenye chumba cha nyuma cha duka lako, ukaunganisha redio mbovu na kile kinanda cha umeme chenye meno nusu, mimi nikagonga bati kwa bisibisi, dada akaja kutufukuza akajikuta amesimama mlangoni anatingisha kichwa, tangu siku hiyo sina kitu kingine cha kufikiria nikiwa nimesimama. Wenzangu wanafikiria nyumba watakazojenga. Mimi nafikiria taya la kinu litaingia wapi kwenye mdundo wako.

Juu ya kaseti sijaandika kitu, kama kawaida yetu tangu askari wa manispaa walipokamata ile yenye jina wakaenda kumtafuta mwenye jina. Nimeifunga uzi mwekundu. Mwekundu ni kinu, usisahau.

Mkataba unaisha mwezi wa kumi na mbili. Nataka nirudi nikae pembeni yako nyuma ya turubai unalojifichia ukipiga, nisikie mwenyewe watu wanavyofanya, nisisimuliwe tena. Hilo ndilo linalonisimamisha pale juu. Mshahara ungeshanishusha zamani.

Shemeji yako,
Kokoto


Mjini, 2 Februari

Mtu wa vumbi, shemeji yangu wa pekee (maana wengine nilionao hawana faida),

Kaseti imefika. Dereva amekunywa chai yetu yote na kumsifu dada yako mbele yangu. Tutafutie posta mwingine.

Sasa kaa chini. Jumamosi tulipiga kwenye lile ghala la barafu lililokufa, nyuma ya soko. Hakuna tangazo, hakuna kibali, mlango wa nyuma tu na mtu mmoja anayetazama barabara. Nilijua watakuja wale wale wetu. Walijaa mpaka kuta zikatoa jasho. Nikaanza na mashine ya ngoma peke yake, taratibu, halafu nikaliingiza taya lako. Shemeji, watu walisimama. Nikadhani nimeharibu. Nilichungulia kwenye tundu la turubai nikaona wamenyanyua vichwa wanatazama dari, kana kwamba jengo linaanguka. Kisha taya likarudi mara ya pili, mahali pale pale, wakaelewa kwamba linarudi, wakaanza kulisubiri. Baada ya hapo hakuna aliyesimama. Kuna mama mmoja mtu mzima aliegemeza paji la uso kwenye spika na hakuondoka mpaka tulipozima. Alipotoka alimuuliza mlinzi wetu, hawa wanaojiita Chumba cha Nyuma ni watu wangapi. Mlinzi akasema hajui, na ni kweli hajui.

Jambo la pili. Alikuwepo mtu wa redio, yule mwenye kipindi cha muziki ambao hakuna mwingine anayethubutu kuupiga. Anataka kaseti nzima, iliyokamilika. Hajali sura zetu wala majina. Miaka yote hii ya kujificha, na sasa mtu anataka nchi nzima itusikie bila yeye kututoa mafichoni.

Kwa hiyo nataka kinu zaidi, na nakitaka karibu. Unarekodi ukiwa mbali, nasikia upepo kuliko chuma. Sogea mpaka kwenye meno. Na toa hiyo pamba unayojaza masikioni, utajuaje unachorekodi kama umejiziba? Vaa spika za masikio, sikiliza kwanza, chagua, ndipo urekodi. Mimi huku naunganisha waya tu. Sikio la kazi hii ni lako.

Na ile sheria yetu iko pale pale: hakuna kinachotoka chumbani kabla wote wawili hatujasema ndiyo.

Waya


Kambini, 20 Aprili

Dada yangu,

Barua hii ni yako peke yako. Isome jikoni, kisha iwashie moto.

Masikio yangu yanakufa. Sina namna nyingine ya kuliandika. Lilianza mwishoni mwa mwaka jana, watu wakawa wanaongea kama wamefunikwa blanketi. Nikasema ni vumbi. Tangu mwezi wa pili limekwenda mbio. Sikio la kushoto lina mluzi mmoja tu, mwembamba, haupumui. La kulia linasikia kishindo kizito, maneno halishiki. Kengele ya jioni najua imelia kwa sababu naona wenzangu wameweka chini nondo. Juzi lori lilirudi nyuma likanikosa kidogo. Dereva alishuka akanitikisa mabega, nikaona mdomo wake unafunguka na kufumba, na usoni amekasirika karibu kulia. Nikamcheka ili adhani nilikuwa namtania.

Mganga wa kambi alinimulika kwa tochi akaandika kwenye karatasi kwamba masikio yangu ni safi. Nikamwonyesha kwa kidole kwamba tatizo liko ndani zaidi. Akanyanyua mabega.

Waya alinitaka nisogee karibu na nitoe pamba. Nilisogea, nikatoa. Simlaumu, na wewe usimlaumu. Hakuwahi kusimama mahali hapa, hajui. Anadhani kelele ni kitu unachopunguza kwa kidole.

Utasema nimwambie. Dada, nikimwambia atasema pumzika, tutaendelea vizuri, na kweli ataendelea, na mimi nitakuwa mtu anayeletewa habari. Mtu asiyesikia ana kazi gani kwenye muziki? Huku mimi ni nondo. Huko mimi ni sikio. Ukinitoa sikio nabaki nondo. Hii kaseti ya mtu wa redio ikitoka, na mimi nikiwa nimesema ndiyo yangu, angalau nitakuwa nimefika. Baada ya hapo mambo mengine yatajulikana.

Najua nakutwisha mzigo ndani ya nyumba yako mwenyewe. Niapie kwamba hutamwambia.

Mdogo wako


Mjini, 11 Mei

Mdogo wangu,

Nimesoma jikoni kama ulivyotaka. Maziwa yakafurika yakazima jiko, kwa hiyo hata moto wa kuchomea barua yako sikuwa nao. Nimeichoma baadaye.

Naapa, kwa shingo upande. Nimeapa kwa sababu wewe ukikataliwa kitu unakaa kimya miezi, nakujua tangu hujaota meno, na siwezi kukaa miezi bila kujua kama lori limekukosa au limekupata. Umeniweka katikati ya wanaume wawili, mmoja hasikii na mwingine hataki kusikia. Mwingine huyo anashinda chumba cha nyuma na kinu chako. Cherehani yangu iko ukuta wa pili. Zamani likianza lile taya nilikuwa naendesha mguu kwa mdundo wake bila kujijua, nashona suruali kama naendesha baiskeli. Sasa likianza naacha kushona. Wateja wananiuliza nguo zao, nawaambia umeme umekatika, na cherehani yenyewe ni ya miguu.

Rudisha pamba masikioni. Huyo mganga wa tochi mwache. Mjini kuna daktari wa masikio kwenye hospitali kubwa, nilikwenda kuuliza. Anasema aje haraka, kilichokwisha hakirudi lakini kilichobaki kinaweza kulindwa. Kilichobaki, mdogo wangu. Usisubiri mwezi wa kumi na mbili.

Na mwambie mwenyewe. Mwanamume anayekupenda ni vigumu kukusamehe akijua jambo kutoka kwa mtu mwingine, na vigumu zaidi yeye kujisamehe.

Dada yako


Mjini, 3 Julai

Kokoto,

Imekwisha. Nakuandikia vidole vimekakamaa kwa kushika chuma cha kulehemu siku nzima na kisu cha kukatia utepe.

Kaseti hii, uzi mweupe, ndiyo ile. Kila kitu kimo: kinu, mpira, pampu inayokoroma, hata tusi la msimamizi nimeligeuza nyuma mbele likawa kama sala. Kinanda nimekiweka chini kabisa, utakihisi zaidi ya kukisikia.

Nina swali moja na nataka ulijibu kwa moyo wako wote. Katikati kuna mahali nimezima ngoma, nimezima kinanda, nimekiacha kinu peke yake. Kwa muda mrefu. Mtu wa redio anasema pafupishwe, wasikilizaji watadhani redio zao zimeharibika. Mimi nasema paachwe. Tumebishana mpaka mate yakakauka. Nikamwambia yuko mwenzangu ambaye kinu ni chake, ataamua yeye. Sitagusa kitu mpaka niione barua yako.

Siku hizi huandiki sana kuhusu sauti. Unatuma kaseti na salamu. Dada yako naye akisikia jina lako anaingia chumbani. Kama kuna nililokosea, sema.

Waya


Kambini, 24 Julai

Shemeji Waya,

Kaseti imefika na nimeisikiliza mara nyingi, nimekaa nayo chini ya lori kila mapumziko. Hujawahi kufanya kazi kama hii. Kinanda nakihisi kabisa, kama ulivyosema. Tusi la msimamizi limenichekesha mpaka wenzangu wakageuka.

Pale katikati paache. Nilisikia meno yanauma jiwe, nikasikia na nondo yangu mwenyewe ikigonga pembeni, nikajiona niko juu ya jukwaa. Usifupishe hata kidogo. Mwambie mtu wa redio kwamba mwenye kinu amesema.

Ndiyo yangu hii hapa. Itoe.

Hujanikosea kitu. Ni uchovu tu.

Kokoto


Kambini, 24 Julai

Dada,

Dereva yuleyule anabeba barua mbili, hii akupe wewe mkononi.

Niliiweka kaseti ya Waya kwenye redio, nikavaa spika za masikio, nikafungua sauti mpaka mwisho. Sikupata kitu. Hata kile kishindo kizito cha sikio la kulia hakikuja. Mluzi tu. Nikakaa natazama vile vigurudumu viwili vya kaseti vinavyozunguka nyuma ya kioo, kimoja kinanenepa kingine kinakonda, mpaka vikasimama. Nikageuza upande, nikatazama tena. Nilikuwa nakijua anachotaka nijibu, alishaniandikia. Nikamjibu hicho.

Sasa ni kweli, limekwisha, hata la kulia. Lakini kaseti itatoka. Nilitaka ujue kwamba leo nimefurahi.

Mdogo wako


Mjini, 15 Agosti

Bwana Kokoto,

Kaseti niliyokutumia ilikuwa tupu.

Nilikuwa nimefunga uzi mweupe kaseti mbili, moja iliyokamilika na moja mpya niliyoiandaa kwa nakala, kisha wateja wakaja, zikachanganyika. Yenye muziki nimeikuta juu ya kabati nyuma ya transfoma. Nilitaka kukimbiza nyingine kwako pamoja na kuomba radhi, nimechelewesha kazi yetu kwa uzembe wangu. Kabla sijaifunga, barua yako ikaingia.

Umesikia meno yakiuma jiwe kwenye kaseti ambayo haina hata kikohozi. Umehisi kinanda. Umecheka na tusi. Nimeisoma barua hiyo nikiwa nimesimama dukani mbele ya mteja, nikaona aibu kama vile yeye naye anaisoma.

Ungesema huna muda, ningeelewa, najua kazi yako. Ungesema umechoka na Chumba cha Nyuma, ningeumia, ningepona. Lakini hukuiweka hata kwenye redio. Ulinisifu kama anavyosifiwa mtoto aliyechora ng'ombe. Mimi niliyebishana na mtu wa redio kwa ajili ya neno lako.

Nimempa kaseti. Pale katikati amepafupisha, nikamwacha.

Kaseti zako za kinu, zote zenye uzi mwekundu, nimezifuta. Kuna mwenye duka la magodoro alitaka matangazo ya kupiga kwenye kipaza sauti mlangoni kwake, nimeyarekodi juu ya hizo. Kaseti nzuri hazipatikani ovyo, na zile zilikuwa zinakaa bure.

Usitume nyingine. Nyuma ya turubai nitakaa peke yangu.

Fundi wa redio,
mume wa dada yako


Mjini, 30 Agosti

Mdogo wangu,

Nimevunja kiapo. Ungekuwa hapa ungekivunja wewe mwenyewe.

Sikujua alichokuandikia mpaka dereva alipokuwa ameshaondoka. Aliniambia mwenyewe, jioni, mimi nabana pindo la gauni na pini mdomoni, yeye anazunguka chumbani anajisifu jinsi alivyokujibu, mstari kwa mstari. Alipofika kwenye magodoro nikatoa pini mdomoni.

Nikamwambia, "Hasikii. Mdogo wangu hasikii tangu mwezi wa nne. Aliona kaseti inazunguka, akakuandikia ulichotaka."

Akaniuliza nani aliyetoa habari hiyo. Nikamwambia. Akaniuliza kwa nini nilinyamaza. Nikarudisha pini mdomoni.

Tangu siku hiyo nyumba ni kimya kama kuna msiba. Ile redio ya kaunta, inayozungumza tangu tufungue duka, ameizima katikati ya taarifa ya habari na hakuna aliyeiwasha. Watu wanaleta vyombo vyao, anavitengeneza, lakini havijaribu. Wanakwenda navyo nyumbani, wanarudi navyo, hawasikii kitu, hawataki kugombana naye wakimwona uso. Nimekuwa nikivijaribu mimi nyuma ya mlango, kwa sauti ya chini.

Daktari wa masikio bado yupo. Sasa hakuna cha kumficha mtu yeyote, kwa hiyo huna sababu ya kubaki huko. Rudi.

Amenipa karatasi yake niifunge humu. Ameandika nyingi akachana.

Dada yako


Shemeji,

Sina uso wa kukuandikia lakini naandika.

Mimi ndiye niliyesema toa pamba. Ile barua naikumbuka neno kwa neno, naikumbuka hata nilivyokuwa nimekaa.

Nimejaribu kuzirudisha kaseti zako. Nimezipitisha kwenye kila mashine niliyo nayo, nimesafisha vichwa, nimepunguza, nimeongeza. Chini ya matangazo ya magodoro hakuna kitu. Kilichofutwa kimefutwa. Nilidhani nafuta kelele ya mtu aliyenidharau, kumbe nilikuwa nafuta masikio yako, ndiyo yaliyokuwa humo.

Rudi nyumbani. Nyuma ya turubai kuna kiti. Huhitaji kusikia ili ukae pembeni yangu, utaweka mkono juu ya spika, nitakuonyesha. Tutatafuta namna. Nijibu hilo tu, unarudi au hurudi.

Waya


Kambini, 6 Oktoba

Shemeji, na dada,

Nimejaribu kujibu kwa kalamu nimeshindwa. Niliacha shule mapema, maneno makubwa kwenye karatasi yananigeuka, nikiyasoma naona mtu mwingine.

Kwa hiyo nimesema kwenye kaseti. Jibu langu lote liko humo. Sijui sauti yangu siku hizi ikoje, wenzangu wananionyesha kwa mikono kwamba nabweka. Mnisamehe kama nabweka. Nilitafuta mahali palipotulia nikae peke yangu, nikasema taratibu.

Kaeni wawili, msikilize pamoja. Haina uzi. Ni moja tu.

Kokoto


Mjini, 10 Novemba

Shemeji, shemeji yangu,

Sijui nianzie wapi. Tuliketi wawili kama ulivyoagiza. Nikaiweka. Kinu kikajaa chumba kizima, karibu kuliko kaseti zote ulizowahi kutuma, meno yenyewe. Nikadhani umekosea umetuma sauti ya kazi. Kisha dada yako akanishika mkono akasema, kuna mtu humo ndani.

Ni kweli. Chini kabisa ya kinu, kama mtu aliyefukiwa, kuna sauti yako. Inapanda, inashuka, inanyamaza, inarudi. Maneno hatukuyapata hata moja. Nilikaa na hiyo kaseti siku baada ya siku. Nilikata juu, nilikata chini, nikiondoa kinu nawe unaondoka nacho. Mmeshikana. Dada yako alilia, mimi nilikasirika na mashine zangu, na ghafla nikaelewa. Umetuma sauti, hukutuma maneno. Umenirudishia kinu nilichokifuta na safari hii umeingia mwenyewe ndani yake. Nimeuliza unarudi au hurudi, na jibu ndilo hilo: tunaendelea.

Niliweka chini yake mdundo mmoja tu, mwepesi, nikaipeleka ghalani. Sijawahi kuona vile. Kwanza walikisubiri kinu kama siku zote. Kisha wakaisikia sauti, mmoja mmoja, unaona kabisa uso unavyobadilika mtu anapoipata. Wakaanza kuifuata kwa midomo, bila maneno, wanapanda nayo wanashuka nayo. Ilipokwisha walikataa kutoka. Tulipiga tena, na tena. Mtu wa redio ameipeleka hewani vile vile ilivyo, hakuthubutu kufupisha. Vijana mtaani wanaiita Mtu wa Kinuni. Chumba cha Nyuma hakijawahi kuwa na jina kubwa kama sasa, na ni jina lako.

Mwezi ujao mkataba unaisha. Kiti nimekipigilia misumari mipya. Niandikie siku ya lori.

Waya

Mdogo wangu, naongeza mstari chini ya wake. Yeye ameridhika, mimi sijaridhika. Ulisema taratibu, kwa hiyo ulikuwa na la kusema. Tuandikie ulichosema.

Dada


Kambini, 5 Desemba

Dada, na shemeji,

Nyuma ya kinu kuna rundo kubwa la mchanga. Siku hizi najua kelele kwa miguu. Nikisimama kwenye chuma nasikia mtetemo mpaka magotini, najua kinu kinafanya kazi. Nikisimama kwenye udongo nausikia kidogo. Ule mchanga ulinyamaza kabisa miguuni mwangu, nikajua kimezimwa kwa matengenezo, nikaketi, nikasema yangu yote. Barua yenu ilipofika nilikwenda kutazama. Kinu hakikuzimwa siku ile. Mchanga unameza mtetemo, ndiyo kazi yake. Nilikuwa nimekaa hatua chache kutoka kwenye taya, nikaona ndipo mahali patulivu kuliko pote.

Nilichosema ni hiki.

Nilisema sirudi. Nimetia saini mkataba mwingine. Msimamizi amenihamishia kinu kikubwa, kile ambacho hakuna aliyekuwa anakitaka, kwa kuwa kelele hainidhuru tena. Wako wazee watatu pale, wote kama mimi, wanaongea kwa mikono haraka kuliko watu wa sokoni. Wamenifundisha. Wana utani mbaya sana, wanamwiga msimamizi mbele yake mwenyewe asijue. Kwao sipungukiwi kitu. Nikija huko nitakaa kwenye kiti, mkono juu ya spika, na wewe shemeji kila baada ya muda utanitazama usoni kuona kama nimefurahi, na mimi nitafanya uso wa kufurahi, kama nilivyofanya barua ile. Siwezi kuifanya kazi hiyo maisha yangu yote.

Nilisema simlaumu mtu. Hilo nililisema mara mbili, maana sikuwa na hakika kama limetoka.

Nilisema na mambo ya mama, dada, ambayo wewe unayajua, sina haja ya kuyarudia. Hapo nadhani ndipo sauti ilipokuwa inapanda.

Mwisho niliwaaga, wewe kwanza, kisha yeye.

Basi hicho ndicho wanachokifuata kwa midomo. Shemeji, usiwaambie, na usibadilishe kitu. Wakiiomba, wapigie. Lakini dada, siku itakapopigwa, wewe usiende. Kaa nyumbani.

Kokoto